Mzee Shuka Afungua Hoteli Nyumbani Kwake

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini hakuna aliyelikumbuka. Mtaa mzima ulimwita Mzee Shuka, na ukimwita kwa jina jingine aligeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Jina hilo alilichuma kazini. Tangu ujana wake hadi nywele zilipoanza kumkimbia, Mzee Shuka alitandika vitanda katika hoteli kubwa, ile yenye mlango unaozunguka, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Shuka aliyoitandika yeye ilitulia kama maji ndani ya beseni. Pembe alizikunja kwa namna ambayo hata mgeni anayelala kwa kurusha mateke hakuzifungua. Wafanyakazi wapya walipoajiriwa, meneja aliwapeleka kwanza kuona kitanda cha Mzee Shuka, kisha akawaonya wasikiguse.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine, maana kinyozi hajinyoi. Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, na kutoka hapo vipande vya vitambaa vilitambaa nyumba nzima kama magugu. Vifungo uliviokota ndani ya kopo la sukari. Kochi lilikuwa na shimo katikati, kiasi kwamba watu wawili wakikaa kila mmoja pembeni kwake, baada ya muda walijikuta wameshakutana. Pini ndiyo usiseme: katika nyumba ile hakuna aliyekaa kabla ya kupapasa. Walikuwamo pia binti yao wa mwisho, aliyesomea uuguzi chuoni na kurudi jioni, na mama mzazi wa mkewe, ambaye kila mtu alimwita Bibi, kikongwe mwenye redio, mkongojo na maoni.

Siku ya kustaafu, wenzake walimuaga kwa keki, wakampa furushi la shuka nyeupe na kengele ya mezani, ile ya mapokezi ambayo ukiigonga kwa kidole inalia ting. Mzee Shuka akaigonga mara moja kuijaribu, akabubujikwa na machozi.

Asubuhi yake aliamka mapema kwa mazoea, akavaa viatu, akafunga kamba, ndipo akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Akabaki amesimama katikati ya chumba. Mkewe alikuwa bado amelala, shuka imemzunguka shingoni, mguu mmoja nje, kifungo kimemchora duara shavuni. Mzee Shuka akamwangalia akamwonea huruma. "Watu nisiowajua wamelala mawinguni miaka yote hii," akawaza, "na mke wangu analala juu ya vifungo!"

Mkewe alipofungua macho alimkuta mumewe kando ya kitanda, wima kama mlingoti, mikono nyuma.

"Kuna nini, baba? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Mke wangu, umenihudumia vya kutosha. Kuanzia leo wewe ni mgeni wangu."

"Mgeni tena? Si nimeolewa hapa?"

"Mgeni wa heshima."

Mkewe akacheka, akageukia ukutani. "Haya, mgeni anaomba chai."

Aliona ni mzaha. Lakini Mzee Shuka hakuwa mtu wa mzaha katika mambo ya huduma. Chai ilikuja kwenye sinia, na kando ya kikombe kulikuwa na ua moja aliloling'oa kwenye uzio wa jirani. Mama wa watu akanywa chai kitandani kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akajimwagia kidogo, akasema ni tamu. Hapo ndipo alipojiponza.

Mzee Shuka alianza na vitanda. Alivitandika vyote kwa shuka zile nyeupe, akazivuta zikalia kama ngoma. Jioni Bibi alipotaka kulala alizunguka kitanda chake kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya watu. Alijaribu upande wa ukuta, akajaribu wa miguuni. Mwishowe akaita: "Mkwe wangu! Hiki ni kitanda au mtego?" Mzee Shuka akaja akafungua pembe moja kwa adabu, Bibi akajipenyeza humo kama barua ndani ya bahasha. Asubuhi hakuweza kutoka. Ilibidi binti amshike mabega na Mzee Shuka afungue upande wa miguuni, wakamvuta. Bibi akatoka akiwa na hasira, ila alikiri kwamba mgongo haumuumi.

Kisha zikaja taulo. Hotelini walikuwa wakizikunja zikawa bata maji, shingo imepinda, mdomo chini. Mzee Shuka aliwaweka bata hao kwenye kila kitanda. Bibi, ambaye macho yake hayakuwa yale ya zamani, aliingia chumbani akakuta ndege mkubwa mweupe juu ya mto, akamshushia mkongojo hadi bata akawa taulo tena. Halafu akaenda jikoni kutangaza kwamba amepata kitoweo.

Juu ya mito aliweka pipi, kama hotelini. Lakini pipi za hotelini zilifungwa kwenye karatasi, na hizi alizinunua za rejareja, zilizo uchi. Sisimizi wakapata habari. Walikuja kwa msafara, wakapanda kitanda cha binti kwa mstari ulionyooka kuliko hata shuka, na binti akaja sebuleni mbio akijikuna huku akisema, "Baba, kuna wageni wengine wamefika!"

"Nitalishughulikia mara moja," akajibu Mzee Shuka. "Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Hakuwahi kuongea hivyo nyumbani kwake. Sasa hakuongea vingine. Kila mlango aliugonga kwanza akisema, "Huduma ya chumba!" hata ule wa bafuni. Siku moja mkewe yuko katikati ya kuoga, povu kichwani, akasikia kubisha.

"Nani?"

"Huduma. Naulizia kama maji yanaridhisha."

"Wewe baba, ondoka hapo mlangoni!"

"Vizuri sana. Tukuongezee taulo?"

Kopo la kuogea likarushwa, likagonga mlango kwa ndani. Mzee Shuka akaondoka akiwa ameridhika kwamba mgeni hana haja ya taulo.

Asubuhi alivaa kizibao, akatundika kitambaa mkononi, akamwinamia Bibi mezani. "Mama, yai lako ungelipenda vipi leo?"

Bibi akafikiri. "Ningelipenda likiwa mawili."

Sasa, binadamu ukimwita mgeni, baada ya muda anauamini ugeni wake. Binti, aliyekuwa akiosha vyombo tangu akiwa mfupi kuliko karo la jikoni, alianza kuacha sahani mezani na taulo mbichi sakafuni. Alipoulizwa na mama yake alisema, "Mama, hotelini nani anaokota taulo?" Bibi naye aliiomba ile kengele ikae karibu yake, akawa haiachi kidole. Ting! Redio ibadilishwe. Ting! Irudishwe ilipokuwa. Ting! Mgongo unawasha, hapana, chini kidogo, hapo hapo, usiondoke.

Kisha akaja shemeji yake Mzee Shuka, mdogo wa mkewe, aliyeitwa Mjomba Dakika kwa sababu kila alipofika alisimama mlangoni akisema, "Sikai, dakika moja tu." Safari hii alikuja kuazima pasi. Mzee Shuka akampokea kwa taulo ya moto ya kufuta uso na bilauri ya maji ya ndimu. Mjomba akafuta uso, akanywa, akatazama huku na huku kama mtu aliyeteremka peponi kwa bahati mbaya. Akauliza, kwa upole sana, kama kuna chumba kilicho wazi. Akapewa kochi. Pasi hakuitaja tena, na nguo zake zikaanza kupigwa pasi na mwenyeji.

Mzee Shuka alikimbia kutwa nzima na hakuona shida yoyote. Alikuwa na furaha ya samaki aliyerudishwa majini. Kitu kimoja tu kilimkera: cherehani. Mapokezi gani yana cherehani? Siku ambayo mkewe alikwenda sokoni, akaihamishia stoo, kati ya gunia la mkaa na baiskeli isiyo na gurudumu, akaweka chombo cha maua mahali pake.

Mkewe aliporudi akaweka kapu chini. Alisimama akilitazama dirisha lake, kisha akaenda stoo, akakaa juu ya debe, akaanza kushona akiwa amewasha balbu mchana. Mzee Shuka aliona kwamba mgeni ametulia. Hakujua kwamba ukimya wa mwanamke yule ulikuwa kama wa sufuria iliyofunikwa vizuri.

Kesho yake alikuja mteja, mwanamke mwenye duka la vipodozi barabara ya pili, kujaribu gauni lake la sherehe. Alikuwa amejipamba akapambika: poda, rangi ya midomo, na nyusi mbili alizojichora mwenyewe kwa wanja, kwa sababu za asili alizinyoa. Mzee Shuka hakumpeleka stoo. Alimkalisha, na kabla mama wa watu hajafungua mdomo, taulo ya moto ilishatua usoni. "Karibu sana," akasema Mzee Shuka, akamfuta mteja vumbi la safari kwa mkono mwepesi, kama anavyofuta kioo.

Fundi alipotoka stoo alimkuta mteja wake ana unyusi mmoja. Mwingine ulikuwa kwenye taulo, mzima kabisa, umetulia kama mnyoo.

"Fundi," akauliza mteja, ambaye hakuwa na kioo, "mbona mnaniangalia hivyo?"

"Dada yangu," akasema mke wa Mzee Shuka, "kaa hapo usitoke nje." Akamwita binti alete wanja.

Siku hiyo, jioni, mama huyo alitaka kujipikia maharage. Hakuwa na njaa hasa. Alitaka tu kusimama mbele ya jiko, akoroge kitu, apoe. Akakuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ufunguo. Mumewe akatokea nyuma yake, kizibao kimenyooka.

"Samahani sana. Wageni hawaruhusiwi jikoni."

Mkewe akamwangalia kuanzia viatu mpaka upara. "Sawa," akasema. Akaenda kulala.

Asubuhi, Mzee Shuka akiwa anapanga vikombe, akasikia ting. Akafika sebuleni mbio. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya meza, amevaa viatu vya safari, begi mkononi. Kengele alimnyang'anya mama yake kwa muda.

"Nikusaidie nini?" akauliza Mzee Shuka.

"Naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Mgeni haulizwi anakokwenda. Mgeni huja, akakaa, akaondoka. Nimekaa, nimehudumiwa, nashukuru. Naenda kwa dada yangu. Kule nitapewa sufuria nisugue." Akageuka. "Dakika! Nibebee cherehani."

Mjomba Dakika akainuka kwenye kochi kwa uchungu kama mtu aliyefukuzwa kwenye urithi. Akaibeba cherehani kichwani akasema, kwa sauti ya kumtuliza Mzee Shuka, "Usijali shemeji, dakika moja tu." Na kweli, hakukawia kurudi, kwa kuwa muda wa mayai ulikuwa unakaribia.

Mzee Shuka alisimama mlangoni hadi mkewe alipokata kona. Mtu wa kazi hakosi la kufanya, kwa hiyo akafanya alilolijua: mgeni akiondoka, chumba kinasafishwa. Akaingia chumbani, akavua shuka, akashika mto. Chini ya mto alikuta uzi mwekundu, kifungo cha shati, na kipande cha chaki ya kuchorea kitambaa. Mto wenyewe ulinukia mafuta ya nywele ya mkewe.

Akauweka mto chini. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa ni kufuta watu. Mgeni akilala, akiacha unywele, akiacha harufu, akiacha shimo la kichwa kwenye mto, Mzee Shuka aliingia akayaondoa yote, hata anayefuata asijue kwamba aliwahi kulala mtu pale. Alikuwa hodari wa jambo hilo kuliko wote, na sasa alikuwa amekuja kulifanya kwake. Akatazama chumba: cheupe, kimenyooka, hakina mtu. Akakaa kitandani.

Akaruka akipiga ukelele. Palikuwa na pini.

Ting, ikalia kengele kule sebuleni, maana Bibi alishairudisha mikononi mwake. Mzee Shuka akaenda, mkono mmoja nyuma.

"Mwanangu amekwenda?" akauliza Bibi.

"Amekwenda, mama."

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe, mwanangu umemfanya mgeni muda wote huu na jembe lake ukalifungia stoo. Umenifanya na mimi mgeni. Najua ni utamu, lakini tangu uanze haya hakuna aliyenigombeza. Nimeanza kudhani nakaribia kufa, mnanificha." Akafikiri kidogo. "Lakini kabla hujamfuata, nichemshie yai."

Mzee Shuka akachemsha mayai mawili, akavua kizibao, akatoka.

Nyumba ya dada wa mkewe ilikuwa na makelele ya sokoni. Uani dada wawili walikuwa wamekaa kwenye vigoda, masufuria yamewazunguka, masizi mpaka viwikoni, wanacheka jambo ambalo alipotokea walilikatiza ghafla, akajua ni yeye. Cherehani ilikuwa barazani, kwenye mwanga.

"Karibu shemeji," akasema dada mtu. "Ila leo tumejaa, hatuna chumba."

Mzee Shuka akalimeza hilo. Hakujua aweke wapi mikono yake isiyo na sinia. "Mama watoto," akasema, "nimekuja tuondoke."

"Nirudi kama nani?" akauliza mkewe, huku akiendelea kusugua.

Mzee Shuka akachuchumaa, akavuta sufuria lililoungua kuliko yote, akaanza kusugua. Alisugua kama anavyofanya kila kitu, kwa unyoofu, kutoka pembeni kwenda katikati. Masizi yakamrukia kwenye shati jeupe. Mkewe akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Unalikwangua vibaya," akasema.

"Nionyeshe."

"Miaka yote hii," akasema mkewe akimwelekeza mkono, "ulikuwa unatoka alfajiri, unarudi nimechoka na wewe umechoka. Nilikuwa nasema, siku akistaafu tutakaa. Kukaa tu, baba. Tuongee upuuzi. Umestaafu, na nikitaka kukuona lazima nigonge kengele."

Mzee Shuka akainamisha kichwa. "Sijui kukaa," akasema polepole. "Sijafundishwa. Nikikaa naona kama naibia kazi."

Dada mtu, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia maneno matamu, akainuka akidai anakwenda kutazama chakula. Hapakuwa na chakula motoni.

"Cherehani inarudi dirishani," mkewe akasema.

"Inarudi."

"Jikoni hakuna ufunguo."

"Nitautupa."

"Na yule mdogo wangu aondoke kwenye kochi kabla hajaota mizizi."

"Hilo," akasema Mzee Shuka, "naomba unisaidie. Sijawahi kumfukuza mgeni."

Hakukuwa na haja ya kufukuza. Walipofika nyumbani mkewe alimpa Mjomba Dakika ndoo na dekio, akamwonyesha sebule na ukumbi. Mjomba akavishika, akavitazama, akakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri mahali. "Narudi sasa hivi," akasema, "dakika moja tu." Akatoka kwa kasi ambayo haikujulikana kama anayo, akasahau kandambili moja, na pasi akaisahau mara ya pili.

Binti alirudi kutoka chuoni jioni akakuta vyombo vya siku nzima vinamngoja, na mama yake amesimama kando yake. Alifungua mdomo kuuliza habari za hotelini, akaona uso wa mama, akafungulia bomba. Bibi alipewa ungo wa maharage achambue. Alilalamika hadi akamaliza, akagombezwa kwa kuacha mawe, akajibizana, akalala usingizi wa mtoto.

Mzee Shuka hakuacha vitanda, maana huwezi kumkataza samaki kuogelea, lakini alijifunza kuzilegeza pembe. Kukaa ndiko kulikomchukua muda. Mwanzo alikaa kama mtu aliye kwa daktari, magoti pamoja, akiinuka kila mlango ulipolia. Mkewe akamfundisha kupindisha pindo za nguo kwa mkono, ili akae bila kujiona mwizi, na ikawa kwamba wakati anashona pindo, domo lake nalo lilifunguka. Kumbe alikuwa na visa vya hotelini vya kujaza kapu: mgeni aliyelala ndani ya kabati, mgeni aliyesahau meno kwenye bilauri akaja kuyadai amefunika mdomo kwa kofia. Wateja wa mkewe wakaanza kukawia. Waliokuja kujaribu gauni walibaki wakimenya vitunguu, kwa sababu katika nyumba ile sasa hukuulizwa unakunywa nini, ulipewa kisu.

Juzi mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikuja kuchukua sketi yake. Akamkuta fundi anashona taratibu, akikanyaga cherehani kwa kunyatia kama mtu anayepita karibu na mtoto. Kwenye mkeka, juu ya lundo la nguo za wateja, Mzee Shuka alikuwa amelala chali mchana kweupe, mdomo wazi, sindano imeganda kati ya vidole, anakoroma mpaka vifungo vinatikisika kwenye kopo.

"Sketi yangu imekwisha, fundi?" akauliza mwalimu.

"Imekwisha tangu jana."

"Iko wapi?"

Fundi akaonyesha kwa kidevu. Pindo la sketi lilichungulia chini ya bega la mumewe.

"Sasa si umwamshe?"

"Thubutu!" akasema fundi. "Nimemsubiri alale hivi tangu nikiwa msichana. Njoo kesho."